Kofia ya Viua

Sauti ile niliirekodi jikoni kwa mama,
Mabela, asubuhi ya Ijumaa, feni nimeizima:
finjani mbili za kahawa, tupu,
moja ikigusa mdomo wa mwenziwe.
Ti.
Nikaenda nayo ofisini Ghubra, nikaikata mkia,
nikaiosha mvumo wa friji
ikabaki ndogo, kama punje ya iliki.
Meneja akaisikiliza mara tatu, akasema:
"Hii haiombi ruhusa. Hii inakaribishwa."

Kazi yangu ndiyo hiyo.
Mama huwaambia majirani: binti yangu Thuweiba
anatengeneza mambo ya simu.
Hajui kwamba rangi ya kile kitone
tuliibadili mara arubaini;
wekundu wa damu uliwatisha watu,
wekundu wa komamanga ukawaita.
Hajui kuwa mwaka juzi ukurasa ulikuwa na mwisho,
mtu akifika chini hukuta kitufe,
hupumua, hukumbuka chungu kiko motoni,
na mimi ndiye niliyeuondoa mwisho ule.
Niliuondoa Jumanne. Tulikula keki.

Mama anashona kofia ya viua,
ya Haitham, mjukuu, ya Idi.
Kitambaa amekichora kwa penseli.
Kila kiua ni tobo, na kila tobo
lizungushwe uzi mizunguko kumi na minne,
si kumi na mitatu.
Huhesabu kwa midomo tu, kama mtu anayenuia.
Tisa, kumi,
ti.
Huinua kichwa. Hutazama mlango kwanza,
halafu simu.
Punguzo la samli. Mtu asiyemjua
amependa picha ya mtu asiyemjua.
Hushusha macho: ilikuwa tisa, au kumi na moja?
Hukisia. Huendelea.
Ti.

Miezi mitatu.
Usiku wa kuamkia Idi akanipa niipige pasi.
Nikaiinua kwenye taa, mwanga ukapenya matoboni,
na hapo nikaisoma.
Mbele, juu ya kipaji, viua vimekaa
sawasawa kama meno ya maziwa:
hiyo Rajabu, kabla sijamletea simu mpya.
Shaabani inaanza kuyumba.
Nyuma ya sikio la kushoto
tobo moja limelegea, jingine limekabwa,
moja limeachwa wazi, halina uzi kabisa.
Ofisini tuna grafu ya haya, ya buluu, inapanda.
Sikuwahi kuiona imeshonwa kwa mkono.

Nilitaka kusema.
Nikasema: "Imependeza, mama."
"Uzee huu," akajibu. "Siku hizi siwezi kukaa na kitu
mpaka kikesha. Uniwie radhi."
Radhi. Kwangu mimi.

Haitham aliivaa, akakimbia nayo uani
mpaka ikalowa jasho,
wala hakuna aliyeona kitu.

Jumamosi, yeye anatia udhu,
nikaichukua simu yake, nikaingia
mle nilimojenga mwenyewe:
chumba ndani ya chumba, mlango wa nne,
pale tulipoificha swichi
(tuliificha kwa makusudi; kikao kizima
kilikaa kwa ajili yake, na sambusa)
nikaizima ile ti.

Siku tatu kofia nyingine ilikwenda vizuri.
Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne.
Ya nne akanipigia saa za kazi,
jambo asilolifanya.
"Thuweiba, kwani watu wamenikasirikia?
Tangu Jumamosi
hakuna hata mmoja aliyebisha hodi."

Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mikutano,
karatasi mkononi, bado ina joto la mashine.
Ajenda ya kwanza:
namna ya kumrudisha mtumiaji
aliyenyamaza siku nne.